Bwana Mchirizi na Jiwe la Mkewe

Katika jengo la ofisi alikofanya kazi maisha yake yote walimwita Bwana Mchirizi, naye jina hilo alilipokea kama mtu anayepokea cheo. Alikuwa mfuta vioo. Alining'inia kwa kamba nje ya orofa za juu, ndoo ubavuni, gazeti kuukuu mfukoni, akasugua madirisha mpaka makarani wa ndani wakanyoosha mkono kupima kama kioo bado kipo. Kikibaki kimstari cha maji yaliyokauka, ambacho mimi na wewe tusingekiona hata tukibembelezwa, yeye alipanda tena kukifuata. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani. Kabla hajasema ahsante alikipumulia kioo chake na kukipangusa kwa mkono wa shati.

Mimi ni jirani yake, ukuta wetu ni mmoja. Sipendi kuandika habari za majirani. Hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini huyu ni mtu mwema, na kosa la mtu mwema lina faida kuliko la mwovu. Mwovu akikosea hakuna anayejifunza kitu, maana kila mtu alikuwa akimsubiri akosee.

Mkewe ni mwokaji mikate. Anaipeleka kwenye maduka ya mtaa, akisaidiwa na mke wa mwanawe, binti mcheshi mwenye mikono myepesi, ambaye yeye na mumewe na mtoto wao mdogo waliishi katika nyumba hiyo hiyo. Kwa muda mrefu mama huyo alikandia unga kwenye ubao uliopinda, donge likimkimbia kama lina deni. Hatimaye akaagiza kaunta ya jiwe: marumaru nyeusi, nzito, inayong'aa kiasi kwamba ungeweza kujitengenezea nywele ukiiinamia. Siku kaunta ilipofungwa jikoni nilikuwepo, kwa sababu kila mwanamume wa jirani mwenye mgongo mzima aliitwa kusaidia kubeba.

Fundi alipomaliza kukusanya vifaa vyake alimgeukia mwenye jiwe.

"Mama, hili halitaki makuu. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, unasuuza, unakausha kwa kitambaa kikavu. Basi. Ila usije ukatia kitu chenye..."

"Fundi," Bwana Mchirizi alimkata kauli, "wewe kazi yako ni kukata mawe, au siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekata vizuri. Kufuta niachie mimi."

Fundi akamtazama mama. Mama akatazama dari. Fundi akabeba msumeno wake akaenda zake.

Tangu hapo mstaafu wetu akapata ajira mpya isiyo na likizo. Alichanganya siki na maji kwenye chupa ya kunyunyizia, kama alivyofanya kazini, akakunja gazeti, akaanza kulipangusa jiwe kwa mtindo wake wa zamani. Mkono unaanzia juu kushoto, unashuka ukijipinda kama nyoka anayeshuka ngazi, na mwisho kabisa kifundo kinageuka ghafla kunasa tone la mwisho. Mtindo huo aliwafundisha vijana wote kazini kwake, na wote walishindwa na ule mgeuko wa mwisho. Akimaliza alichuchumaa, akaweka miwani yake sawa, akafumba jicho moja, akatazama uso wa jiwe dhidi ya mwanga wa dirisha.

Mwanzoni alifurahi. Kisha siku moja, akiwa amechuchumaa vile vile, aliona alama. Ilikuwa kama ukungu, mahali palipofifia na kukataa kung'aa. Akanyunyizia siki, akapangusa. Kesho yake palikuwa pamefifia zaidi, na pembeni pamezaliwa pengine. Akaongeza siki.

Msomaji mwenye akili ameshajua mkosaji ni nani. Lakini msomaji hajatumia ujana wake akining'inia kwenye kamba akisifiwa. Sifa zikizidi hupofusha, na mtu aliyezoea kuona uchafu wa wengine huchelewa sana kuuona wa kwake.

Akaanza kutunga sheria. Chungu cha moto marufuku, na hapo hakukosea. Kikombe marufuku. Mayai yavunjiwe nje. Mwishowe akamsimamia mkewe anayekanda, kitambaa begani, kama mwamuzi wa ngumi.

"Mama watoto, unga unamwagika."

"Ulitaka ufanyeje, upae?"

"Unga ni vumbi tu. Vumbi la kuliwa."

"Unga huu ndio ulionunua jiwe hili, baba watoto. Wewe na siki yako mmelikuta hapa. Sogea, unaniziba mwanga."

Alisogea, lakini mama akapoteza raha ya kukanda. Mwishoni alirudi kwenye ule ubao uliopinda, sakafuni, akikandia chini ya jiwe lake mwenyewe. Niliona kwa macho yangu, nikamwambia mumewe kwamba chombo kikishakatazwa kazi yake hakina tofauti na jeneza. Alinijibu kwamba mimi sina macho ya kuona michirizi. Nikarudi kwangu.

Mabaka yaliendelea. Na kwa kuwa mke ameshuka sakafuni, mtuhumiwa aliyebaki ni mkwe. Bwana Mchirizi alianza kumvizia. Akiingia jikoni kunywa maji, mzee anakohoa mlangoni. Akitoka, mzee anaingia, anachuchumaa, anafumba jicho. Binti alivumilia kwa mizaha.

"Baba, leo nimepita kwa ncha za vidole. Hata kivuli changu nimekiacha sebuleni."

Jioni moja wakiwa mezani wote, mzee aliweka kijiko chini na kusema kwamba kuna mtu katika nyumba hii anamwagia jiwe vitu na kujifanya hajui. Binti akauliza kama anasemwa yeye. Na hapo mzee akatamka neno ambalo nililisikia kupitia ukutani, na nikaona haya kwa niaba yake:

"Kwani huko kwenu mliwahi kuona kaunta? Utajuaje kuitunza?"

Mtu anaweza kumkemea mkwe wake kwa kikombe. Kumgusa kwao ni jambo jingine. Baba yake binti ni kinyozi, mtu wa heshima, aliyemlea mwanawe kwa mkasi na uvumilivu. Binti alisukuma sahani yake. Aliinuka, akakusanya nguo za mtoto kwenye mkoba, akambeba mtoto akaenda kwao. Mumewe akamfuata akiwa na viatu vya kuogea. Asubuhi alimpigia mama yake simu: asipoombwa radhi mke wake, na aombwe huko huko kwao kulikotukanwa, watatafuta chumba cha kupanga, na mjukuu ataletwa kusalimia sikukuu kwa sikukuu.

"Umefuta vizuri," mama alimwambia mumewe. "Umefuta mwana, umefuta mkwe, umefuta na mjukuu. Nyumba haina doa."

Ungetegemea mzee atakwenda mbio. Hakwenda. Alisema haki ni haki, na jiwe litathibitisha: mkosaji ameondoka, sasa tutazame kama mabaka yatazidi. Akanyunyizia siki, akapangusa, akalala kwa amani.

Mabaka yakazidi.

Akamgeukia mkewe. Kumbe ni wewe! Mama akainuka kutoka sakafuni. Alifunga ubao wake na unga wake kwenye shuka, akaja kuokea kwangu, akaniachia unga mpaka kwenye vitabu. Mzee akabaki na jikoni peke yake kama mfalme aliyefukuza raia wote. Akala mkate mkavu akiwa amesimama uani, ili asidondoshe hata chembe ndani. Akanyunyizia, akapangusa, akafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo akautia mfukoni.

Siku iliyofuata alinigongea ukutani kwa ngumi. Nilipofika nilimkuta amechuchumaa, macho yote mawili wazi.

"Jirani, njoo uone. Chuchumaa hapa. Unaona nini?"

Mara hii hata mimi niliona. Mwanga wa asubuhi ulilala juu ya jiwe, na yale mabaka yalikuwa yameungana. Yalianzia juu kushoto, yakashuka yakijipinda kama nyoka anayeshuka ngazi, na mwisho kabisa yakageuka ghafla.

"Ule mgeuko," alisema polepole, "hakuna mtu mwingine duniani anayeuweza."

Kuna wakati mtu mwenye msimamo anatakiwa kuonyesha msimamo wake kwa kufunga mdomo, ingawa ulimi wangu uliniwasha sana.

Alitoa simu akampigia fundi wa mawe.

"Fundi, ni mimi, mume wa mama wa mikate. Siku ile kuna sentensi ulikuwa unaisema. Usitie kitu chenye... Chenye nini?"

Sauti ya fundi ilisikika wazi: "Chenye ukali, mzee! Ndimu, siki, vitu kama hivyo. Vinakula mng'aro wa marumaru. Hayo si madoa ya kufutika, jiwe lenyewe linakuwa limelika. Kwani kuna mtu ametia?"

"Yupo mmoja," alisema, akakata simu.

Sasa ilibaki kazi ya kwenda. Aliniomba nimsindikize, nami nikakubali kwa sharti kwamba asitaje maneno "bahati mbaya". Mtu anayeomba radhi huku akilaumu bahati hajaomba kitu. Njia nzima alijizoeza. "Mwanangu, kulitokea hali fulani." Nikatikisa kichwa. "Mwanangu, jiwe lile, unajua, fundi hakueleza vizuri." Nikasimama barabarani nikakataa kuendelea. "Haya, haya! Ni mimi. Ni mimi niliyeharibu." Tukaendelea.

Baba yake binti ananyolea chumba cha mbele cha nyumba yake. Tulimkuta na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado kichaka. Mbele ya kiti kulikuwa na kioo kirefu, na Mungu anisamehe, sijapata kuona kioo kama kile. Kilikuwa na vumbi la nywele, povu lililokauka, na alama za kitambaa kibichi zilizopita huku na huku kama barabara za mji. Nilimhisi jirani yangu akikakamaa. Mkono wake ulianza safari kuelekea mfuko wa leso. Nikamfinya.

"Karibuni," kinyozi alisema bila kuzima mashine. "Kama mmekuja kunyolewa, kuna foleni."

"Tumekuja kwa mkwe," nilisema.

Binti alitoka ndani, mtoto kiunoni, bakuli la uji mkononi. Mumewe alisimama nyuma yake. Alitusalimia vizuri, shikamoo na yote, jambo lililomfanya mzee azidi kuwa mdogo.

"Mwanangu," alianza, "ni mimi."

"Wewe nini, baba?"

"Mimi niliyeharibu jiwe. Kwa siki. Wewe hukufanya lolote, na mama yako hakufanya lolote. Nilikusingizia."

Kinyozi akazima mashine. Mteja akageuza ile nusu ya kichwa iliyonyolewa ili asikie vizuri.

"Sema tena, baba, mtoto alikuwa akilia."

Mtoto hakuwa amelia. Mzee akasema tena, kwa sauti, na akaongeza mwenyewe bila kufinywa: "Na nilitaja kwenu kwa ubaya. Hilo ndilo baya zaidi. Mkwe mwenzangu, na wewe unisamehe."

Kinyozi aliguna. Nyumba nzima ilimtazama binti, maana neno lilikuwa lake. Akafikiri, akimlisha mtoto kijiko kimoja.

"Sawa, baba. Nikuulize kitu. Hicho kioo cha kwetu unakionaje?"

Akisema kichafu, ametukana kwao mara ya pili, na mwenye kioo ameshika wembe. Akisema kisafi, amedanganya, na kila mtu mwenye macho atajua. Jirani yangu alipiga hatua moja mbele. Alikitazama kioo kutoka juu mpaka chini, kwa uchungu, kama daktari anayemwona mgonjwa wa mtu mwingine.

"Kina michirizi, mwanangu," alisema. "Mingi. Lakini sikuja kukagua."

Mteja alicheka wa kwanza, akajuta, maana kinyozi alikuwa nyuma yake. Kisha kinyozi naye akacheka, akakisogelea kioo chake na kukitazama kama anakutana nacho leo.

"Ungesema kiko safi," binti alisema, "nisingerudi. Ningejua hata hiyo radhi ni ya kupangusia tu." Kisha akakaza uso. "Lakini jikoni tutafuta mimi na mama. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kikavu, kwisha. Na mama anarudi kukandia juu. Fundi akija kulisugua upya jiwe, wewe utakaa nje."

"Nitakaa nje."

"Na siki?"

"Siki itakwenda kwenye kachumbari."

"Basi mshike mjukuu wako, nikachukue mkoba."

Alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Mtoto, ambaye hajui habari za radhi wala mawe, alimtazama babu yake kwa makini, akachovya kiganja kizima kwenye uji uliokuwa bado mkononi mwa mama yake, akampaka kwenye miwani, kioo cha kulia, kisha kwa haki ile ile kioo cha kushoto. Uji ukateremka kwa michirizi mizito.

Nilimpa leso yangu. Akaikataa kwa kutikisa kichwa, akamkumbatia mtoto vizuri, akaniomba nimshike kiwiko nimwongoze. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, yeye hajafuta kitu, akiuliza kila baada ya hatua chache kama mkwe wake bado yuko nyuma yetu.