Mzee Aliyetuambia Tuache Viatu vya Theluji

Sitaki unihurumie, nataka uniamini tu. Haya yalitokea sebuleni kwangu Selly Oak, saa kumi jioni, taa zinawaka, mimi mzima na sijalewa. Ukitaka kusema niliota, subiri nimalize.

Mimi na Bahati, rafiki yangu Mkongo aliyekuwa akiishi na mama yake Ladywood, tulikuwa tunafunga mabegi kwenda milima ya Uskoti, siku tatu kwa miguu. Majira ya baridi yalikuwa yanakwisha. Bahati alikuwa amekodi viatu vya theluji, vile vipana kama ungo, unavifunga chini ya buti usizame. Mimi sikuvitaka. Kilo mbili za bure mgongoni! Tulibishana tangu mchana.

"Tubebe tu hizi biatu, grand frère," akasema, akiniita kaka kwa Kifaransa chake. "Tutachoka, lakini tutarudi."

Mara tukasikia hodi mlangoni. Hodi, hapa Birmingham! Nani kati yetu angeuliza wewe nani? Sisi ugenini tukiisikia tunafungua, na chai inabandikwa. Alikuwa mzee mwembamba, suruali imelowa hadi magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri.

Aliketi, chai hakuigusa. Akavitazama vile viatu.

"Viacheni, wanangu. Theluji ya huko imekwisha."

"Baba, wewe unatoka wapi?" Bahati akamuuliza.

"Huko huko."

Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Nikamgeukia Bahati: mzee kashasema, unambishia mtu mzima? Kwa malezi yetu hilo halina jibu. Akavirudisha viatu kwenye mfuko.

Mzee alipoondoka, Bahati akimsindikiza mlangoni, niliinama kuchukua kikombe. Pale alipokuwa ameweka miguu, juu ya zulia, palikuwa na theluji. Nyumba ina joto, nje mvua tupu, na theluji ile haiyeyuki. Unajua nilifanya nini? Niliizoa kwa kiganja, nikaimwaga kwenye sinki kabla Bahati hajaiona. Nilijua akiiona tu, atavibeba.

Siku ya pili mlimani tulizama hadi mapajani. Bahati aliteguka goti, akaishiwa nguvu, na simu hazishiki. Nikamfunika kwa kila nilichokuwa nacho, nikashuka kutafuta msaada. Mwendo wa saa moja ulinichukua saa tano. Waokoaji walipomfikia alikuwa ameshakufa. Wakaniuliza mwenzetu wa tatu yuko wapi, maana kando ya Bahati kulikuwa na nyayo za mtu peku, na hazikuzama hata kidogo.

Nilikatwa vidole viwili vya mguu, na vilivyobaki havipati joto hata mwezi wa saba. Hayo nayavumilia. Nisiloliweza ni simu ya mama yake Bahati, kila Jumapili.

"Wewe ulikuwa naye, mwanangu. Juu ya nini aliacha biatu?"

Namjibu kwamba alivisahau. Naye humlaumu mwanawe kaburini, analia, nami nimeshika simu tu.

Basi nakuonya wewe unayesoma. Akija mgeni akakuambia kile kile ulichokuwa unatamani kuambiwa, mtazame miguuni. Na ukiona kitu, usikizoe. Mwite mwenzako naye aone.