Mama lishe anayemsaka mvujishaji wa siri za majirani

Saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha kama kawaida ya mji huu wa bandari, na Kang Su-yueh anageuza chapati ya mayai kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine anasogeza simu yake mbali na mteja. Mteja mwenyewe ni msichana wa sare ya shule anayesubiri maziwa ya soya. Hana habari na simu ya mtu.

"Mrembo, nikutilie pilipili?" anamuuliza, huku macho yake hayabanduki usoni pake.

Msichana anatikisa kichwa, anapokea mfuko wake na kuondoka. Hapo Su-yueh anamgeukia mwandishi wa habari hizi. "Na wewe, simu yako itumbukize kwenye ile ndoo ya vitunguu. Ndiyo, humo humo. Kama ni kuandika, kalamu si unayo?"

Kwa majirani wa mtaa wa Shihkeng, kaskazini mwa Taiwan, yeye ni Dada Yueh, mama lishe mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo. Ana miaka hamsini na mbili, hana chama, na hajawahi kugombea cheo hata cha kikoba. Lakini ni admini wa kundi la simu lenye majirani zaidi ya mia tatu, na kundi hilo ndilo linalomnyima raha.

Lilianza na mambo ya kawaida tu: paka aliyepotea, pikipiki iliyoegeshwa mlangoni kwa mwenzio, na zile picha za maua zenye salamu za asubuhi ambazo wazee hawachoki kuzituma. Kisha kampuni moja ikataka kujenga matangi ya mafuta nyuma ya shule ya msingi. Kundi likageuka. Watu wakakusanya sahihi, wakasimama mvuani na mabango, na mradi ukasimamishwa.

"Tulishangilia kama wajinga," anasema Dada Yueh. "Hatukujua kwamba kumbe ndio tumejionyesha."

Haukupita muda, halmashauri ikaleta rasimu ya kanuni ya usalama wa mtandao. Kila kundi lenye watu zaidi ya mia lisajiliwe, admini aandikishe jina na kitambulisho, na akitakiwa atoe majina ya wanachama wake. Waliotunga rasimu wanasema wanapambana na uongo unaopandikizwa kutoka nje ya kisiwa. Dada Yueh hakatai kwamba uongo huo upo. Amewahi kuufuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Uongo kutoka nje naujua, nimeuona kwa macho yangu," anasema akikwangua mafuta kwenye kikaango. "Lakini mbona hawakuja na kanuni wakati tunaulizana habari za paka? Wamekuja tulipogusa matangi. Niambie wewe uliyesoma, hiyo ni bahati mbaya?"

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi ni Alhamisi. Majirani ishirini walikuwa wameahidi kusimama na kusema. Leo hakuna hata mmoja aliyebaki, na sababu yake ni Pan.

Pan Hung-yi ni fundi wa bandarini, baba wa watoto wawili. Aliandika kundini kwamba tangi moja la zamani la mafuta pale bandarini linavuja na kwamba wakubwa wake wanajua. Kesho yake picha ya ujumbe ule, jina lake likiwa juu kabisa, ilikuwa mezani kwa bosi wake. Hawakumfukuza. Walimhamishia kwenye ghala la mbali, zamu za hovyo, na hakuna mfanyakazi mwenzake anayekula naye tena.

"Hiyo picha ilitoka humu humu kwetu," anasema Dada Yueh. "Mtu aliyesoma, akapiga picha, akapeleka. Na asubuhi yake pengine alikuja hapa nikamkaangia yai."

Tangu siku hiyo anamtilia shaka kila mtu. Mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu ameanza kulipa bila kulalamika. Mwalimu mstaafu, kwa sababu haulizi chochote. Muuza samaki, kwa sababu anauliza mno. Muuza samaki mwenyewe, Bibi Tseng, anapita wakati mazungumzo yanaendelea na kusikia.

"Eti mimi ndiye jasusi!" anacheka. "Wewe, mimi siri ya mume wangu imenishinda kutunza, nitaweza ya serikali?"

"Ndivyo angesema jasusi," Dada Yueh anajibu bila kucheka, akimfungia chapati yake.

Kuna sheria moja aliyoitunga mwenyewe, na mtaa mzima uliikubali. Shihkeng hakuna jalala. Jioni gari la taka linakuja likipiga muziki wake, na kila kaya inashuka na mifuko mikononi. Hapo ndipo watu wanapokutana, wanapotaniana, wanapoona nani ameoa na nani kafiwa. Kwa hiyo Dada Yueh akasema: hakuna kuingia kundini mpaka nikuone kwenye gari la taka. Asiyetupa taka hapa, haishi hapa. Basi.

Ilionekana akili kubwa. Baada ya mkasa wa Pan, akaamua kuwapima hata wale walioingia kabla ya sheria. Alimpata mmoja ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona: akaunti iliyojiita Mvua ya Jana. Kila asubuhi ilituma picha ya yungiyungi. Haikubishana na mtu. Kisha siku moja ikaandika: "Pan siku hizi yuko zamu gani?"

"Moyo ulinilipuka," anakumbuka. "Nikasema, nimekupata! Mtu hana sura, hana taka, na anaulizia zamu ya Pan? Anaitakia nini?"

Alimtoa kundini mbele ya watu wote. Akaandika kwamba jasusi amepatikana. Majirani wakamshukia kwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, mengine yametoka kwa akina mama wanaoimba kwenye hekalu.

Jioni iliyofuata, kwenye gari la taka, alimsalimu Wahyuni kama ilivyo desturi. Wahyuni ni binti wa Kiindonesia anayemuuguza mzee mmoja wa ghorofa ya nne, na kila mtu anamjua kwa mifuko yake miwili na kicheko chake. Safari hii hakucheka. Alitupa mifuko, akageuka.

"We mrembo, vipi leo? Nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea, Dada. Umemkosea Babu. Tangu jana hajala."

"Babu yupi?"

"Babu wangu! Mvua ya Jana ni Babu. Taka zake unazotaka kuziona, si hizi nazibeba mimi kila siku?"

Dada Yueh anasema angetamani lile gari limzoe na yeye. Katika mtaa ambao nusu ya wazee hawashuki ngazi, na taka zao zinashushwa na mabinti wa watu kutoka ng'ambo, hakuna aliyefikiri kuuliza taka hizo ni za nani.

Alipanda hadi ghorofa ya nne siku hiyo hiyo. Alimkuta Liao Chin-tung, miaka sabini na sita, amelala chali, skrini imening'inizwa juu ya kitanda, anaandika kwa kidole kimoja. Jengo halina lifti. Siku za hospitali Pan ndiye aliyekuwa akimshusha mgongoni, kwa hiari yake. Alipouliza zamu ya Pan, alitaka tu kujua ni lini atapata wa kumshusha.

"Nililia," anasema Dada Yueh. "Nilipiga magoti. Akaniambia niache maigizo."

Kisha mzee alimsimulia jambo ambalo hata Wahyuni hakuwa akilijua. Ujanani, enzi za utawala wa kijeshi, alikuwa kwenye kikundi cha vijana waliosoma vitabu pamoja. Mmoja wao aliwataja wenzake kwa serikali. Liao alifungwa miaka saba.

"Miaka yote saba nilimtafuta huyo mtu," alimwambia. "Nilipotoka nikaendelea kumtafuta kwenye sura ya kila rafiki. Na nilimpata, Yueh. Nilimpata kila mahali. Mpaka nikabaki peke yangu."

Dada Yueh alimuuliza afanye nini basi na huyu wa sasa, amwachie? Mzee alikasirika. "Mimi nitajuaje? Mimi niliwakimbia wote, nikahama mji! Kwanza nirudishe kundini, picha zangu hazina pa kwenda."

Alimrudisha, akaomba radhi kwa maandishi. Wengi walimpokea vizuri. Wengine wakanong'ona kwamba jasusi hodari hakosi hadithi nzuri. Dada Yueh haoni aibu kukiri kwamba wazo hilo lilimpitia na yeye, usiku huo huo, na akajichukia.

Sasa amefanya uamuzi. Hotuba atakayoisoma Alhamisi ameiandika yote kundini, na juu yake ameweka jina lake kamili na kibanda chake. Ameeleza habari ya tangi linalovuja kana kwamba ni yeye aliyeliona, ili lawama zisirudi kwa Pan. Mstari wa mwisho haumhusu diwani wala kampuni: "Wewe unayepeleka maneno yetu, haya yapeleke yote. Usikate hata neno moja."

Watu zaidi ya mia mbili wameshausoma. Hakuna aliyejibu.

"Wanaogopa, siwalaumu," anasema. "Nitasimama mwenyewe. Nataka tu mtu mmoja aone kwamba nimesema na sijafa, labda kikao kijacho tutakuwa wawili."

Je, amekwisha kumjua mvujishaji ni nani?

Dada Yueh anavunja yai, anatazama foleni ya majirani waliojikunyata chini ya miavuli, mmoja baada ya mwingine.

"Sijui. Pengine Alhamisi atakuja, atakaa mbele, na atanipigia makofi kuliko wote," anasema. "Mimi nitasoma tu."