Sakafu Isiyomjibu Mama Masanja

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua katika ukumbi wa kukodi pale Nyamagana, mwanangu, nikiwa kijana niliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa kinatayarisha onyesho kuhusu ziwa, na kazi yangu ilikuwa sakafu. Nilifunga kamera na projekta darini, nikaandika programu: mchezaji akikanyaga, picha ya maji inatoa viwimbi kutoka mguuni mwake, kwa mwendo ule ule niliokuwa nimeupima ziwani kwa kudondosha mawe.

Wachezaji walikanyaga, wakafurahi. Aliyebaki pembeni ni Mama Masanja, kiongozi wetu. Mwanawe Masanja alikuwa amezama mwaka uliotangulia akivua dagaa, na ngoma hii mama aliitunga kwa ajili yake.

"Shikamoo, mama. Karibu ukanyage."

"Marahaba. Hapo sikanyagi."

"Vipimo nimevihakiki, mama. Maji yanakwenda hivyo hivyo."

"Sijasema umekosea. Siku tuliyomtoa Masanja ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, halikunijibu. Leo unataka linijibu kwa taa?"

"Basi zima, tucheze kwa tochi," mpiga ngoma mmoja akasema. Hakuna aliyecheka.

Nikamuuliza mama alitaka iweje. Sikuwahi kumuuliza kabla ya hapo.

"Wengine liwajibu. Mimi liniache."

Nikampa kitambaa chekundu cha kichwani, nikaibadilisha programu isimjibu yule ambaye kamera inamwona na rangi hiyo. Siku ya onyesho maji yalitawanyika chini ya miguu ya wote. Alipoingia yeye, alikanyaga kwa nguvu, akazunguka, akapiga magoti. Maji hayakutikisika.

"Fundi, mtambo wako umekufa," mtu akasema kutoka nyuma, na baadhi wakacheka. Mkono wangu ulikuwa juu ya kompyuta. Ningeweza kuyarudisha mawimbi. Sikugusa kitu. Mama alicheza peke yake hadi mwisho, na kile kicheko kikaisha chenyewe.

Mwanangu, pima, soma, andika programu zako kwa uangalifu. Lakini kabla hujaifundisha mashine kumjibu mtu, muulize kwanza kama anataka kujibiwa. Ipo huzuni ambayo ukiipamba kwa taa unamnyang'anya mwenye nayo. Mungu akujalie mikono yenye ustadi na subira ya kuuliza, na wote unaowapenda akurudishie salama kutoka majini.