Nilivyokuwa Jino la Kilima Chetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo moja na maadui kumi na mmoja. Maadui walikuwa kuku wa Gérant, msimamizi wa dépôt, ghala la kahawa la kilima chetu. Kazi ilikuwa kuwazuia wasipande juu ya meza za kukaushia kahawa, maana kuku akitembea juu ya parche anaacha kitu ambacho mnunuzi wa Butembo hapendi kukikuta ndani ya kikombe. Parche, kwa ninyi wadogo zangu mnaojua kahawa ya pakiti tu, ni mbegu iliyokwisha kumenywa na kuoshwa lakini bado imevaa ganda lake la njano, kama mtu aliyetoka kuoga akasahau kuvua koti. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Leo niko na kumi na saba, nimestaafu, na ninaandika ili kazi yangu isisahaulike, kwa sababu wengine wote waliowahi kuifanya ni wazee na hawana tena chombo cha kazi.

"Kavira," Gérant aliniambia asubuhi ile, "kuku moja ikipanda, ni weye utashuka."

Gérant wa dépôt alikuwa mtu mfupi, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Hakucheka mbele yetu. Nadhani alikuwa akiweka vicheko vyote nyumbani, chini ya kitanda, akingojea bei ipande.

Dépôt yetu iko juu kabisa, mahali ambapo pikipiki za Butembo hufika zikikohoa. Kule juu kila kitu ni kahawa: bati la nyumba ni kahawa, mahari ni kahawa, uniforme yangu ya shule ilikuwa kahawa kabla ya kuwa kitambaa. Donc mwenye dépôt ni kama padri, isipokuwa padri anasamehe.

Baada ya kuku nilipandishwa cheo, nikaingia kwenye triage. Triage ni kuchagua: unakaa na wamama mbele ya meza, unatoa mbegu nyeusi, zilizovunjika, na mawe madogo. Mawe hayatupwi chini, yatarudi. Yanaingia mfuko wa kulia wa tablier, aproni ya kazi. Mfuko wangu wa kushoto ulikuwa na mbegu kavu nilizoziiba kwa ajili ya mchezo wangu. Nilikuwa naficha mbegu moja shavuni, na padri akisema tukae kimya tuombe, naivunja kwa jino. Kwa! Kanisa zima linageuka kutafuta ni benchi gani imevunjika.

Ule ujinga njo ulinipa cheo cha tatu. Mzee aliyekuwa Jino la dépôt alipoteza gego lake la mwisho, na Gérant, ambaye alikuwa amekaa nyuma yangu kanisani, akaniita.

"Yule mutu anavunjaka kahawa wakati ya sala, ni weye?"

"Hapana, Gérant."

"Pole. Nilitaka kumupa kazi."

"Ni miye, Gérant."

Jino ni nini? Kahawa ikipakiwa mbichi inapata moto ndani ya gunia, inaota ukungu, na harufu yake inaingia kwa gunia jirani. Iko mashine ya kupima unyevu, lakini yetu ilikufa zamani, ikabaki kwenye rafu imefunikwa kitambaa kama maiti ya heshima. Kwa hiyo mtu anauma. Unachoma gunia kwa sonde, bomba lenye ncha kali, unatoa mbegu ya juu, ya chini na ya katikati. Unamenya ganda, unaweka mbegu chini ya gego. Kavu inalia kwa! na kugawanyika. Ile mbichi inapokea jino kimya, kama haragi iliyopikwa. Na foleni nzima lazima isikie. Ile sauti ndiyo cachet yetu, muhuri wetu. Hakuna karatasi.

"Ukiingia humu," Gérant alinifundisha, "ukoo unaacha inje, pamoja na viatu."

Msimu mmoja kabla yangu camion nzima, lori na mzigo wake, ilirudishwa kutoka Butembo kwa sababu ya gunia moja bichi. Moja. Mwaka ule nusu ya classe yetu ilikaa nyumbani, bila pesa ya shule. Ndiyo maana sikuwa na huruma. Hata Mama Masika, jirani yetu, mwanamke ambaye sauti yake inafika kijiji cha pili bila pikipiki, nilimkatalia gunia mbele ya watu wote. Nikampa siku tatu za jua, kama sheria ya dépôt inavyotaka.

"Kavira, meno yako itaanguka moja-moja!" alipiga kelele.

"Ianze na ya nyuma, Mama Masika. Ya mbele niko nayo kazi."

Sasa muje kwa siku yenyewe.

Koko wangu, mama ya mama yangu, analima shamba dogo la kahawa alilolirithi kwa mume wake. Kulirithi si kulimiliki. Ardhi ya kilima ni ya mwenye kilima, na anayeichunga kwa niaba yake ni Kapita. Sheria yake tuliijua wote: shamba likikaa misimu miwili mfululizo bila kutoa kahawa iliyokubaliwa dépôt, linaitwa limekufa. Anapewa mwingine. Msimu uliotangulia Koko alikuwa mgonjwa, amelala kwa mjomba wangu kule Beni, mtaa wa Mulekera, na kahawa yake ikaanguka chini bila mchumaji. Huo ni mmoja. Na Kapita alikuwa na mkwe asiye na shamba.

Kapita alikuja kila siku ya kupokea kahawa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akitabasamu. Alikuwa na haki ya kutabasamu: meno yake yalikuwa mazuri kuliko ya kilima chote. Kwenye harusi alifungua chupa za bia kwa kinywa, mstari mzima, na watu wakahesabu kwa kupiga makofi.

Kahawa ya Koko ilikuwa na siku chache tu mezani pale habari ilipopanda kilima asubuhi ya soko: watu wenye silaha wameonekana ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyeuliza nani amewaona. Tulishuka wote hadi parokia ya chini, na magodoro, na mbuzi, na redio. Kabla ya kukimbia Koko alikusanya kahawa yake, akaifunga ndani ya gunia la plastiki, akaisukuma chini ya kitanda. Angefanya nini? Kuiacha mezani ni kuipa mvua na wezi. Tulilala parokiani siku nne. Hakuna aliyekuja. Tuliporudi, camion ya mwisho ya msimu ilikuwa imekwisha fika. Ingeondoka siku ile ile, saa nane.

Koko alisimama kwenye foleni na gunia lake kichwani kwa kijana wa jirani. Hakuniangalia. Kapita alimwangalia yeye, kisha mimi, kisha gunia.

"Tuanze," Gérant akasema.

Mbegu ya juu: kwa! Watu wakapumua. Ya chini ililia pia, kidogo, kama mlango wa kabati. Nikasukuma sonde katikati. Mbegu ilitoka ikiwa na joto. Sikuhitaji kuiuma, vidole vilijua. Nikaiweka chini ya gego, na jino likaingia. Kimya.

Watu walikuwa wanangoja. Nilimwona Kapita akifunga mwavuli wake polepole, kama mtu aliyefika kwake.

Nikajifanya mbegu imeteleza. Nikainama, mkono ukaingia mfuko wa tablier yangu ileile ya triage, nikatupia shavuni mbegu kavu ya mchezo wangu. Nikainuka, nikauma kwa nguvu zote.

Ndugu zangu, ule mlio! Kuku waliruka kutoka kwenye bati. Foleni nzima ikasema "Eeeh!" na mtu akapiga makofi. Kapita akafungua mwavuli tena.

Mimi niliona nyota saa nne ya asubuhi. Mkono ulikuwa umeingia mfuko wa kulia. Nilikuwa nimeuma jiwe.

Gérant alinisogelea. "Fungua kinywa."

Nikatikisa kichwa.

"Kavira. Fungua."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na damu, jiwe, nusu ya gego, na mbegu ya Koko, nzima, ina alama ya jino tu. Gérant aliangalia yote kwa zamu. Nyuma yake watu mia hawakuona kitu ila koti lake la mvua. Angeweza kusema neno moja na ningekuwa mwizi wa kilima. Angeweza kunyamaza na kilima kingeoza hadi Butembo. Mara ya kwanza nilimwona Gérant hajui la kufanya.

"Gérant, achilia mutoto."

Alikuwa Koko. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, anakikunja.

"Ile kahawa ni mubichi. Miye nilijua tangu kwetu. Nilisema pengine jua ya njiani itaisaidia." Akageuka kwa Kapita. "Umesikia. Haina haja urudilie sheria yako."

"Miye nasikitika sana," Kapita akasema, na meno yote yakatoka kusikitika. "Mais misimu mbili ni misimu mbili."

Watu walianza kuangalia miguu yao. Dereva wa camion akapiga honi. Hapo ikaja ile sauti inayofika kijiji cha pili.

"Gérant! Miye gunia yangu ilikuwa mubichi, huyu shetani wa meno akanipa siku tatu ya jua. Ni sheria ao hapana?"

"Ni sheria, Mama Masika. Mais camion inaenda saa nane."

"Inaenda na nini?" Mama Masika alishika gunia lake lililokwisha kukubaliwa, akalivuta kutoka kwenye rundo. "Yangu haiendi bila siku tatu ya huyu mama."

Kisha mzee mmoja akavuta lake. Kisha wengine. Dereva aliruka chini.

"Beye bamama, niko na route! Nitabeba nini?"

"Beba koti ya Gérant!"

Walicheka, mais kile kicheko kilikuwa na woga ndani. Muelewe walichokihatarisha. Kahawa ya kilima chote ilikuwa ndani ya nyumba moja yenye kufuli moja, na habari za ng'ambo hazikuwa zimekwisha. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kubahatisha msimu mzima kwa gunia la mwanamke mmoja. Siku ya kwanza watu walikaa juu ya magunia yao kama kuku juu ya mayai. Siku ya pili, mchana, pikipiki tatu zilionekana zikipanda bila kujulikana, na nilisikia wanaume wazima wakimeza mate. Walikuwa wauza sabuni. Jioni mvua ikaja mbio, na watu waliokuwa wakilaumu tangu asubuhi ("kwa sababu ya koko moja tutakufa wote!") ndio waliokimbia wa kwanza na mabashi ya plastiki kufunika meza yake. Mama Masika alivua pagne ya juu, kitenge chake, akaiongeza. Mimi nilikuwa naigeuza ile kahawa kwa mikono kila saa, shavu limevimba kama la mpiga tarumbeta, na hakuna aliyenitania. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

Siku ya tatu, saa sita, Gérant akaita watu. Nani atauma? Mimi sikuwa na jino, tena sikuwa na uso.

"Kapita," Gérant akasema.

"Miye?"

"Meno yako tunaijua wote. Na hakuna mutu atasema unapendelea huyu mama."

Kapita aliangalia nyuma, kana kwamba Kapita mwingine alikuwa amesimama pale. Watu walikuwa wamefunga njia, bila kusukuma, wamesimama tu. Alimpa mtu mwavuli. Aliuma ya juu: kwa! Ya chini: kwa! Gérant mwenyewe akachoma katikati, akamenya, akamwekea kiganjani. Angeuma polepole ili isilie, ningejua. Angesema mbichi, mkwe wake angelala na shamba. Mais mtu anayefungua bia kwa meno hajui kuuma polepole.

Kwa!

Mlio ulienda hadi ng'ambo ya bonde, ukarudi. Koko alikuwa amefumba macho. Kapita alibaki na vipande viwili ulimini.

"Ni kavu," akasema, kama mtu anayetoa mbuzi wake mwenyewe.

Camion iliondoka saa nane, siku tatu nyuma ya saa nane yake. Gérant aliniita ofisini, yaani nyuma ya mlango.

"Kavira, weye umestaafu."

"Sababu ya jino, Gérant?"

"Jino uko nayo ingine. Ni masikio ya batu njo umevunja. Ukiuma tena, banajiuliza: hii ni kahawa, ao ni jiwe?"

Nimefikiri sana juu ya hilo tangu nihamie Butembo kusoma, hapa Kimemi, kwa shangazi yangu. Nilidhani nilitaka kumwokoa Koko. Kumbe nilikuwa nimechukua kitu cha pekee ambacho kilima chote kiliamini bila karatasi, nikakifanyia mchezo wa kanisani. Wao waliokilipia walikaa siku tatu juu ya magunia. Mimi nililipa nusu ya gego. Ilikuwa bei ya chini.

Koko hakuniambia pole wala wasingya, ambayo ni asante yetu. Aliniuliza tu, "Ile kipande ya jino iko wapi?" Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya kasanduku ka compas yangu ya hesabu. Aliichukua, akaenda nayo hadi mwisho wa shamba, mahali mimea ya mpaka inapokutana na upande ambao mkwe wa Kapita alikuwa anaangalia. Akaifukia pale kwa jembe, watu wakiona, kama mtu anayezika dawa ya mpaka, akakanyaga udongo mara tatu, na mbele yake akapanda miche sita ya kahawa.

Likizo iliyopita nilikuta miche imenifikia gotini. Njia ya mkato ya kwenda kwa Kapita inapita palepale. Koko anasema hapiti tena, anazunguka chini na mwavuli wake, eti kuna matope.

Ilikuwa katikati ya kiangazi.