Pasheni Zilililiwa Kutoka Misikhu Hadi Bungoma

Nitawaambia, lakini mkianza kucheka kabla sijamaliza naenda zangu, kwa sababu hadi leo nikipita Webuye huwa najifanya natafuta kitu chini ya kiti. Mimi Wafula, katibu wa kikundi cha wakulima wa pasheni Kitale, mtu mzima mwenye tai, niliwahi kufanya watu wamlilie marehemu ambaye hakuwepo. Na sio machozi ya kupangusa na kidole, ni yale ya kujigaragaza.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu ziko lakini kila mtu anaflashi tu, na kila wiki kuna semina ya hii barabara kubwa inayotoka Mombasa ikielekea Uganda, ati inaitwa ushoroba, ati ikifunguka vizuri uchumi wetu wote utaamka. Ushoroba hatukujua ni nini (Barasa, dereva wetu, alidhani ni ugonjwa wa ng'ombe), lakini kitu kimoja tulikielewa sawasawa: mradi utajenga stoo ya baridi, moja tu, na itapewa kikundi kitakachowaonyesha wakubwa kule Bungoma kwamba kinaihitaji kuliko wengine. Na sisi tuliihitaji, bana. Pasheni zetu zilikuwa zinaoza njiani kabla mnunuzi hajazitia machoni. Mwenyekiti wetu, Mama Nekesa, msimu uliotangulia alimwagia ng'ombe mavuno yote, mpaka ng'ombe wenyewe wakachoka wakaanza kugeuza uso. Aliniita kando akaniambia, "Wafula mwanangu, hii stoo tukiikosa mimi nang'oa pasheni zote, napanda mahindi kama kila mtu." Nikamwambia mama, niachie mimi. (Maneno hayo siku hizi siyatumii.)

Basi nikaamua tutaenda na fahari, pikapu imepambwa kama ya arusi. Nikaenda kwa Bwana Singh, mwenye duka la vitambaa pale mjini, nikataka utepe wa kijani. Wa kijani umeisha, wa njano umeisha, arusi zimemaliza zote, umebaki mwekundu. Nikasema leta huo huo, mwekundu unaonekana mbali. Bwana Singh akanipimia polepole, akaniangalia, akasema, "Pole sana Wafula. Nani amefariki?" Nikacheka! Nikamwambia hakuna aliyefariki, haya ni maendeleo. Sasa jamani, mimi nimezaliwa huku, nimefunga vitambaa vyekundu kwenye magari ya matanga mara ngapi mimi mwenyewe? Lakini kichwa kikishajaa maendeleo hakina nafasi ya kitu kingine.

Halafu kuna sanduku. Nilitaka sanduku refu la mbao la kuonyeshea matunda, juu liwe na kioo, nikampa kazi fundi mmoja aliye karibu na hospitali. Fundi huyo kazi yake ya kila siku mnaijua. Mkono wa mtu hufanya ulichozoea, kwa hivyo sanduku lilikuja limepigwa vanishi, lina vishikio sita vya kung'aa, na kile kioo kiko upande mmoja tu, mahali pa uso. Tena lilichelewa. Mkutano ni saa nne, sisi tunatoka Kitale saa mbili na nusu, na safari ile kwa mashimo ya wakati huo na vizuizi vya polisi ilikuwa masaa matatu ukiwa na bahati. Hakukuwa na wakati wa kugombana na fundi, tukapakia.

Tulipofika Kiminini ndio Barasa akasema, "Katibu, mbona watu wanavua kofia?" Nikatazama nje. Kweli, wazee wamesimama kando ya barabara, kofia kifuani. Mama Nekesa akageuka akaangalia nyuma kupitia kioo cha kebini, akaona utepe, akaona sanduku, akaona na lile bango letu la SAFARI NJEMA TUNDA LA KITALE ambalo upepo ulikuwa umelikunja nusu, likabaki SAFARI NJEMA peke yake. Akashika mdomo. "Wafula! Toa hivyo vitu sasa hivi!"

Na hapa ndipo nilipojiroga. Nilikuwa nimeshafungua mlango nishuke, tena mbele tu kulikuwa na kizuizi, na yule askari ambaye siku zote hutuweka nusu saa akikagua mpaka ulimi wa dereva, safari hii alivuta miti yake pembeni mbio mbio akapiga saluti. Saluti! Malori yakatupisha. Nikafunga mlango. "Mama," nikasema, "wacha vikae kidogo, tutavitoa tukifika Webuye." Nilijiona mjanja, nikaanza hata kupiga mluzi.

Tulienda kama mshale mpaka Misikhu, na hapo nyanya mmoja akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Barasa akafunga breki. Kabla sijafungua mdomo nyanya ameshapanda nyuma, amelala juu ya sanduku, kioo chenyewe kimejaa vumbi hakionyeshi kitu, "Uuuwi! Uuuwi! Alikuwa mtu mzuli sana!" Kumbe ana binamu amelazwa Kitale, na hajapata habari zake siku tatu. Nikashuka nikamwita nyanya kwa lugha ya nyumbani, "Kukhu, sio binamu yako, hii ni mizigo tu." Akanipiga kofi la shavu. "Mtu ni mzigo? Sasa amekufa ndio unamuita mzigo?"

Ungefanya nini? Ningetoa utepe mbele yake aone nilikuwa nadanganya watu? Nikarudi kebini mpole kama kondoo. Tulipofika Webuye tukaongezewa kina mama wa kanisa kwenye pikapu nyingine, wanaimba kwa sauti zote, halafu mabodaboda wa baiskeli wakajipanga nyuma wakipiga kengele, na mimi nimezama kwenye kiti tai ikiwa puani, na Mama Nekesa anatetemeka mabega, sijui analia au anacheka.

Saa nne kasoro dakika tano tukaingia uwanja wa mkutano Bungoma. Wakubwa wote walisimama. Mgeni wa heshima kutoka Nairobi akavua miwani, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. "Poleni sana. Mmefiwa, na bado mmekuja?"

"Mheshimiwa," nikasema, "hizi ni pasheni."

Nikamwomba Kukhu asogee, nikafungua kifuniko. Kukhu akainua kichwa polepole, akachungulia ndani, akachukua pasheni moja akaigeuza geuza. "Ati huyu ndiye nimelia tangu Misikhu?" Weee! Uwanja mzima ulipasuka, mabodaboda walianguka na baiskeli zao, kina mama wa kanisa wakakaa chini kabisa kwa kucheka.

Nami kwa kutaka kuokoa uso nikajikaza, nikaanza kuhubiri ushoroba. Mgeni akaniuliza mmetumia muda gani kutoka Kitale, nikatoa kifua: "Saa moja na nusu tu, mheshimiwa! Sisi tuko tayari kwa biashara!"

Akaandika kitu. Akasema, "Kumbe mnafika haraka hivyo? Basi stoo ya baridi ni ya nini?"

Niliona mahindi, mahindi matupu, shamba lote la Mama Nekesa. Ndipo Mama Nekesa akashuka kwenye pikapu, akajifunga leso vizuri, akasema, "Mheshimiwa, usimsikize katibu wetu, tai imembana. Safari hii ni masaa matatu, siku zingine matano. Leo tumepita haraka kwa sababu kila mtu njiani alidhani tumebeba maiti. Nawe uandike hivyo: huku kwetu tunda haliwezi kufika sokoni mapema mpaka life kwanza."

Mgeni alicheka mpaka akaomba maji. Halafu akaacha kucheka, akafuta alichoandika, akaandika kingine.

Stoo tulipewa. Iko Kitale mpaka leo, inanguruma usiku na mchana, na Mama Nekesa hajapanda mahindi hata shina moja. Kukhu alirudi na mfuko wa pasheni, na binamu yake alipona (nilienda kumwona mwenyewe hospitali, nikaomba msamaha, akacheka mpaka nesi akanifukuza). Lakini hakuna mtu Kitale anaiita stoo ya baridi. Wote wanaiita Mochari, na mimi katibu, mtu wa tai, jina langu ni Marehemu. "Marehemu, fungua Mochari tuweke kreti!" Naitika, nifanye nini.

Utepe mwekundu nimeapa sitaugusa tena. Hata binti yangu alipoolewa mwaka jana na maua yake yakaja yamefungwa kwa utepe huo huo, nilimwambia kwa heshima zote, mwanangu, hayo atakubebea mama yako.