Simu ya Jumatatu Saa Nne

Karani wa duka letu la santuri hapa Cleveland huishika santuri kwa viganja viwili, kingoni tu, kama sahani iliyotoka jikoni na moto wake. Kila anapouza moja huchora kijistari kwenye mfuko wa karatasi. Jumatatu saa nne gazeti la New York humpigia kuuliza zipi zinanunuliwa, ndipo wapange chati ya nyimbo zinazoongoza nchi nzima. Wiki hii Pruitt, wakala wa kampuni ya muziki, alifika dukani kabla simu haijalia. Akabwaga kwenye kaunta boksi zima la santuri za bure. "Dada'angu, sema wimbo wetu ndio wa kwanza. Nani atajua?" Karani akalamba kidole, akaunyoosha mfuko wake. Simu ilipolia akasoma nyimbo kumi kwa ile sauti yake ya kukwaruza, polepole, wa Pruitt haumo. "Utaje basi!" Pruitt akanong'ona. "Unaniharibia kazi!" Karani akamkazia macho, huku anaongea na simu: "Kuna mwingine hapa, haujanunuliwa hata mara moja. Mwenyewe kaja kuugawa bure, boksi zima." Akasikiliza kidogo, kisha akamnyooshea Pruitt mkonga wa simu. "Shika. Wanataka jina lako."