Vidole Vinne

Juzi, katika duka la nyavu pale Mirongo, nilimkuta mjane mmoja akichagua wavu wa mtumbwi alioachiwa na mumewe. Muuzaji akamsifia mmoja wenye macho madogo.

"Huu hata mtoto wa sangara hapiti, mama. Siku hizi biashara huria."

Mama akaingiza vidole vitatu kwenye jicho la wavu, vikakwama.

"Marehemu alipima kwa vitatu."

Akashika mwingine, vikapita. Akafikiri, akaongeza cha nne, navyo vikapita.

"Vyake vilikuwa vinene."

"Sasa utakula nini, mama?"

"Nitakula kidogo. Nikikutana naye huko, sitaki aniulize habari za wavu."

Akaununua. Marehemu mke wangu naye alikuwa na vipimo vyake vya chumvi, vya vidole. Alipokuwa hai nilivicheka. Sasa navitafuta kwa vidole visivyofanana na vyake.